Agnes Aliyetaka Kushtakiwa

Mimi ni wifi yake Agnes, na wifi hana kazi ya kumsifu mke wa kaka yake. Kazi yake ni kuchungulia sufuria na kuuliza kwa nini mboga haina chumvi. Kwa hiyo mkinisikia namsifu, mjue nimebanwa na ukweli, sikupenda.

Alizaliwa Mkunya, nyumba ya watu wa kanisa. Baba yake alisomea misheni ya Masasi, akarudi kufundisha watoto wa Mkunya kusoma na kuimba, na binti yake akamrithi sauti. Agnes akisalimia kutoka shamba lake la mikorosho, jirani wa shamba la tatu anaitikia. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa hata kama haendi popote. Kaka yangu Dastani, seremala wa misheni, alimwona kwenye harusi ya rafiki yake kule Newala, akarudi nyumbani hasemi, hali. Mama yetu akadhani ana homa. Alipojua ni mapenzi akafurahi, na alipojua ni mapenzi ya binti wa ukoo upi, homa ikamshika yeye.

Hapo ndipo ilipo hadithi. Agnes alitoka katika ukoo ambao sisi tuliuita watu wa mtungi, na sisi ni ukoo wa mwene. Mwene kwetu Wamakua ni mtawala, mwenye kiti. Zamani, kabla wazee wetu hawajavuka mto Ruvuma kuja upande huu, alikuwako huko ng'ambo mwene mmoja mkubwa, mwenye ua wa wake, ndugu, wapiga ngoma na watumishi. Alikuwa pia na mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumtekea maji ya kunywa. Mtungi wa mwene haukuguswa na mkono mwingine. Asubuhi moja mwene aliomba maji, mwanamke akampa, mwene akanywa, na kabla jua halijapanda juu akawa amelala chini, povu mdomoni. Watu wa ua walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Jioni ile ndugu yake mwene akakalia kiti.

Nani aliua? Hakuna anayejua. Kwetu, anayempa mtu kinywaji huonja kwanza yeye, ili anayepewa ajue kuwa hamna kitu. Basi ubishi wote ulikuwa hapo. Sisi tulisimuliwa kwamba mwanamke yule hakuonja. Wao wakasimuliwa kwamba alionja vizuri, na kwamba sumu alikuwa nayo yule ndugu mwenye haraka ya kukaa. Haikupatikana dawa, haukupatikana mzizi, shahidi hakuwako. Kwa kuwa walishindwa kumthibitishia kosa, hawakumwua. Walimwachia neno tu: watu wa ukoo wa mwene wasinywe maji ya mkono wake, wala ya mkono wa binti zake, wala ya binti wa binti zake.

Mwalimu Nathanaeli wa shule ya kwetu aliwahi kukaa na wazee akawauliza majina ya wamwene wote wanaotajwa wakati wa kumwaga unga wa matambiko, akampa kila mmoja miaka yake ya kutawala, akarudi nyuma mpaka kwa yule aliyeuawa. Akasema ilikuwa karne ya kumi na sita, Wareno ndio kwanza wanapitapita pwani. Mama yetu alifurahi sana kusikia. Alidhani lawama ikizeeka inakuwa kweli zaidi.

Mama yetu, Bibi Sijaona, alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye macho ya kuhesabu makosa. Baba alipofariki akaja kukaa na Dastani hapa Kitangari. Alikuwa Mkristo safi, Jumapili hakosi, na ukoo wa mwene pia hakosi. Padre Silvano alipohubiri habari za kumpenda jirani, akimtazama yeye waziwazi, Mama aliitikia amina kwa nguvu kuliko kanisa zima, kisha akarudi nyumbani kunywa maji ya mtungi wake mwenyewe.

Maji Kitangari yalikuwa shida. Nchi yetu ni ya juu, mchanga mwekundu, mvua ikinyesha inazama kama haikunyesha. Chemchemi ziko chini, bondeni, na njia ya kushuka ni kama ukuta. Wanawake walitoka alfajiri, wakarudi jua limewaka, debe kichwani, shingo imeingia mabegani. Agnes alishuka kila siku akateka maji ya kunywa, ya kupikia, ya kumwogesha mwanawe Cecil. Na nyuma yake, kwa hatua za kizee, akishika mizizi ya miti, Mama naye alishuka na kimtungi chake kuteka ya kwake. Alipika ugali wake peke yake kwenye mafiga yake. Dastani aliyanywa maji ya mkewe mbele ya watu, akapanguza mdomo, akauliza, "Mama, mbona sifi?" Mama akamjibu kwamba sumu ya ukoo ule inakwenda polepole. Mimi nilikunywa jikoni kwa Agnes siku zote, tena kata nzima, na tumbo langu halikuwahi kulalamika.

Agnes hakuwa mtu wa kunyenyekea tu. Kuna kipindi Mama aliugua goti, akawa hawezi kushuka. Agnes akajaza kimtungi cha Mama kimyakimya wakati amelala, akakifunika na kifuniko chake, akaenda zake shambani. Mama alipoamka akanusa. Sijui maji yana harufu gani ya ukoo, lakini alinusa. Akatoka na kimtungi mpaka uwanjani, akakiinamisha, akamwaga yote. Kitangari, kumwaga maji! Mchanga ukayanywa hata doa halikubaki. Agnes alikuwa amerudi, jembe begani, amesimama penye uzio anatazama. Ndiyo mara moja tu niliyomwona akilia kwa uchungu. Hakulia kwa kelele. Alisema, "Wifi, yale niliyashukia kule, nikapanda nayo," akaenda kupika.

Na ili mjue jinsi watu tulivyo, mama yetu mdogo Mabel alipofariki mwaka uleule, aliitwa nani kumwosha? Agnes. Hilo nalo lilikuwa desturi na hakuna aliyeliuliza. Maiti wa kike wa ukoo wetu huoshwa na wanawake wa mtungi. Alikuja, akavua viatu, akafunga khanga kiunoni, akaosha taratibu na kwa heshima, akamwaga maji aliyoyateka mwenyewe. Kisha akatoka nje, na wanawake waliokuwa wakigawa maji kwa waombolezaji wakamwonyesha akakae upande wa kuni.

Halafu bomba likaja. Vijana wa leo wanafungua bomba wanaliacha linamwagika, hawajui tulivyolipokea. Serikali ya Kiingereza ilikuwa katika miaka yake ya mwisho, ingawa yenyewe haikujua, na mafundi walivuta maji kwa mashine kutoka bondeni, wakachimba mifereji, wakalaza mabomba ya chuma. Kitangari tukapata tangi la saruji, na koki moja, na kibanda kando yake. Kilijengwa hatua chache kutoka nyumba ya Dastani. Jumbe akaambiwa achague mwanamke wa kushika koki, afungue, ajaze madebe ya watu, azuie vurugu. Alitakiwa mtu wa karibu, mwenye sauti, asiyeogopa kumwambia mke wa jumbe apange foleni. Hakufikiri mara mbili. Akamtaja Agnes.

Siku ya kufungua watu walikuja mpaka wa Mkunya. Fundi akaizungusha koki, ikakohoa, ikatoa hewa, ikatoa maji mekundu, halafu maji meupe. Vigelegele! Wanawake wazima walicheza. Kisha fundi akapanda lori lake akaondoka, na Agnes akashika koki akasema kwa ile sauti yake, "Haya, wa kwanza alete debe!"

Hakuna aliyeleta. Walitazamana. Watu wa ukoo wetu ni wengi Kitangari, na wote walimtazama Mama. Wamakonde, ambao hawakuwa na habari yoyote na mwene wa Wamakua, waliona wenye mambo yao wanasita, nao wakasita. Mama alikuwa mbele kabisa na kimtungi chake. Alisimama pale kitambo, anayatazama maji yanavyotoka, safi, mengi, bila jasho. Niliona koo lake likimeza. Kisha akageuka, akakiweka kimtungi kichwani, akashika njia ya bondeni. Mwanamke wa umri ule, na goti lile, anaacha maji mlangoni kwake anashuka ukutani! Wanawake wakaanza kumfuata mmoja mmoja, madebe yanagongana.

Agnes alifunga koki. Aliikaza mpaka tone la mwisho likakatika. Akaniambia, "Ethel, niangalizie Cecil. Nakwenda Newala."

"Newala kufanya nini?"

"Kushtakiwa."

Nilimwachia mtoto jirani nikamfuata, kwa maana mambo kama hayo hayasimuliwi, yanaonwa. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nahema nyuma. Tulipofika kwenye mahakama ya liwali, karani alikuwa Anselmo, kijana wa kuchana nywele njia katikati, kalamu sikioni.

"Karibuni, akina mama. Nani anamshtaki nani?"

"Simshtaki mtu," Agnes akasema. "Nataka nishtakiwe mimi."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Kuua."

Anselmo akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Umemwua nani?"

"Mwene."

"Mwene yupi? Lini?"

"Mwalimu wetu anasema karne ya kumi na sita."

Anselmo alicheka hadi kiti kikalia. Alijitahidi kuacha, akatutazama, akaanza upya. Agnes alimngoja kwa subira, mikono imekunjwa, kama mtu anayengoja uji upoe. Kicheko kile ndicho kilichomtoa Liwali ndani. Alikuwa mtu wa pwani, mzee wa kanzu safi na koti jeusi, aliyechukia kelele na kupenda kesi.

"Kuna nini hapa?"

"Shikamoo, Bwana Liwali," tukasema pamoja.

"Marahaba. Anselmo, kuna nini?"

Anselmo hakuweza kusema. Agnes akasema yeye. Alieleza habari ya mwene, mtungi, ndugu mwenye haraka, koki iliyofungwa na kikongwe aliyeshuka bondeni. Liwali alisikiliza huku anavuta ndevu. Mwisho akasema, "Mama, kesi hii haina maiti, haina shahidi, haina hata nchi, maana ilitokea ng'ambo ya mto, kwa Mreno. Mimi nifanye nini?"

"Bwana Liwali," akasema, "mimi nahukumiwa kila siku. Nahukumiwa asubuhi, nahukumiwa msibani, nahukumiwa kwenye harusi. Sijashtakiwa hata siku moja. Mwizi wa kuku hapa anapewa nafasi ya kujitetea. Mimi naiomba hiyo hiyo ya mwizi wa kuku."

Liwali akasema kwamba bomba la serikali haliwezi kusimama kwa ajili ya mwene wa zamani, na kwamba katika safari yake ya kusikiliza mashauri ya vijiji atafika Kitangari, na siku hiyo mwenye shutuma aje aitoe mbele ya watu. Agnes akamshukuru. Njia nzima ya kurudi aliimba nyimbo za kanisani, sauti ya kwanza, ananitaka nishike ya pili, na mimi sina pumzi.

Siku ya shauri kibanda cha baraza hakikutosha. Liwali alikaa kwenye meza nje kivulini mwa kibanda, Anselmo kando yake, safari hii hacheki. Jumbe akaketi pembeni akiomba yeye asitajwe. Watu walikaa chini wakazunguka uwanja. Agnes alivaa khanga zake za Pasaka. Dastani alisimama nyuma ya umati na msumeno mkononi, alisahau kuuacha kazini.

"Mama huyu," Liwali akasema, "inasemwa kwamba ukoo wake ulimwua mwene. Mwenye kumshtaki asimame."

Wale wajomba zetu, ambao kwenye pombe wanaisimulia habari ile kwa sauti na ishara, walikuwa wanakagua kucha zao. Liwali akauliza tena. Nikaanza kufurahi moyoni, nikijua kwamba pasipo mshtaki hapana kesi, na mambo yamekwisha. Ndipo nikasikia fimbo ikigonga ardhi, na Mama akasimama.

"Ni mimi," akasema.

Niliona aibu na niliona fahari, vyote viwili kwa pamoja, kwa kuwa katika ukoo mzima ni yeye tu aliyekuwa na ujasiri wa kusema mchana anachosema jioni.

"Mama, wewe uliona?" Liwali akamwuliza.

"Mimi nimezaliwa juzi, mwanangu. Niliambiwa na bibi yangu. Naye aliambiwa na bibi yake."

"Basi tuambie ulivyoambiwa."

Akatuambia. Alisimama juani, hakutaka kiti, akaieleza habari yote, na lazima niseme alisimulia vizuri. Ua wa mwene tuliuona. Mtungi tuliuona. Mwene alivyoanguka, jinsi wake zake walivyokimbia, ndugu zake walivyokimbia, hata mpiga ngoma alivyoacha ngoma. "Maiti ikabaki uwanjani," akasema, "hakuna aliyethubutu kuigusa. Ila yule mwanamke tu. Hakukimbia. Alimwinua kichwa mwene, akamlaza vizuri, akamwosha kwa maji yaliyobaki mtungini. Ndiyo maana mpaka leo wao ndio wanaotuosha."

Watu wakanong'ona. Mmoja akasema mwenye kutia sumu asingebaki kuosha. Mwingine akasema huo ndio ujanja wenyewe. Wa tatu akasema sumu huenda ilikuwa kwenye kata, haikuwa mtungini. Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa mahakama, kila mtu hakimu, na mwene akawa anakufa upya kwa namna saba. Liwali akagonga meza.

"Mshtakiwa, una swali kwa mshtaki?"

Agnes akainuka. Alisogea hadi mbele ya Mama, akapiga goti kidogo kama anavyofanya kila asubuhi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama mdogo Mabel alipofariki, nani alimwosha?"

"Wewe."

"Kwa maji ya nani?"

"Uliyateka wewe."

"Nilimwosha vibaya?"

Mama akatazama chini. "Ulimwosha vizuri. Ulimwosha kama mama yako."

"Na wewe, Mama, Mungu akikuita, nani atakuosha?"

Mama akaikita fimbo mchangani.

"Wewe," akasema.

"Kwa maji yangu?"

"Kwa maji yako."

"Hutanikataza?"

"Maiti hakatazi."

Sauti ya Agnes, ile inayosikika shamba la tatu, ikashuka mpaka ikawa ndogo. "Mama, mimi sijui nani alimwua mwene. Wewe hujui. Bwana Liwali hajui. Labda ni bibi yangu, labda ni babu yako. Lakini mimi nakataa kungoja ufe ndipo nikupe maji. Nataka nikupe ukiwa na kiu. Nataka nikupe ukiwa unaweza kunigombeza kwamba hayajapoa."

Liwali aliacha ndevu zake. Dastani alikuwa ameushika msumeno kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuukunja. Mama alisimama palepale juani, mdogo, mkaidi, midomo imemkauka kwa kusimulia. Nilimjua mama yangu. Nilikuwa na hakika atageuka, atashika njia ya bondeni, na safari hii hatarudi kwangu wala kwa Dastani.

"Mama Cecil," akasema.

"Abee, Mama."

"Koo limenikauka."

Agnes alikimbia. Mwanamke mzima, khanga za Pasaka, alikimbia kuvuka uwanja wa baraza la Liwali, na watu wakampisha wakiangukiana. Tulisikia koki ikifunguliwa, ikikohoa, maji yakitoka. Alirudi na kata imejaa pomoni, anatembea sasa, polepole, asimwage. Akafika mbele ya Mama. Na kama ilivyo desturi ya mtu yeyote anayempa mwenzake kinywaji, akainua kata kwenye midomo yake aonje kwanza.

Mama akamshika mkono.

"Usionje," akasema. "Nipe."

Akaichukua kata kwa mikono miwili akanywa. Alikunywa yote, kichwa nyuma, shingo ile ya kizee inapanda na kushuka, na sisi sote tunaitazama kama watu wa ua wa mwene walivyotazama siku ile. Alipomaliza akapanguza mdomo kwa ncha ya khanga. Akatutazama, mmoja mmoja, kwa yale macho ya kuhesabu.

"Ya moto," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa pale, vile vya siku ya bomba vilikuwa mchezo. Wanawake walirusha khanga. Mjomba mmoja, yule msimuliaji mkubwa wa kwenye pombe, alikuwa wa kwanza kukimbilia debe lake. Mimi nililia, wala sioni haya kusema. Nilimkumbatia Agnes, nikamwambia kwamba chumvi yake ya mboga bado haitoshi, akacheka huku machozi yanamtoka. Liwali aligonga meza mpaka akachoka. Ilipopatikana nafasi akasema kwamba mshtaki ameyanywa mashtaka yake mwenyewe, na kwa hiyo mahakama haina la kuamua, na mwene alale alipolala. Kisha akamwambia Anselmo amletee maji. Anselmo akaenda kupanga foleni, na Agnes akamrudisha nyuma ya wanawake waliotangulia. Liwali wa Newala alingoja maji yake kwa zamu, nayo ndiyo sheria ya koki ile mpaka leo.

Agnes aliishika koki miaka mingi. Wakati wa Waingereza kuondoka bendera ilishushwa, nyingine ikapandishwa, na yeye asubuhi yake alifungua maji saa ileile. Alizuia ugomvi, aliwafukuza wanaoruka foleni, aliwajazia wajawazito kwanza bila kuulizwa. Binti yake aliyemfuata Cecil, ambaye kwetu ni wa ukoo wa mama yake, alipoolewa na kijana wa ukoo wetu wa Masasi, hakuna mtu aliyeutaja mtungi, ila mjomba mmoja mlevi, na wanawake walimkalisha upande wa kuni.

Na Mama? Mama alilipiza. Mtu aliyekaa muda wote ule bila kunywa maji ya mkwewe alinywa sasa kama shamba. Asubuhi, "Mama Cecil, maji!" Mchana, "Mama Cecil, maji!" Agnes akiwa kwenye koki na foleni ndefu, mwito unasikika kutoka nyumbani, na foleni nzima inamcheka. Alipelekewa, akanywa, na kila mara, mvua au kiangazi, alisema neno lilelile: ya moto. Agnes alilalamika kwangu kwamba zamani alikuwa anapumzika. Alilalamika uso wote unang'aa.

Mama alifariki asubuhi moja ya baridi, mwezi wa saba, amelala kitandani alichotengenezewa na Dastani. Hakuna aliyekwenda kumwita Agnes, kwa kuwa alikuwa pale tayari. Alivua viatu, akafunga khanga kiunoni, akatoka mwenyewe mpaka kwenye koki, akateka. Mimi ndiye niliyemsaidia kushika beseni. Akaingiza kiganja majini, akakiacha humo kidogo, akamtazama Mama usoni.

"Leo yamepoa, Mama," akasema, akaanza kumwosha.